Shusheni Wavu: Mazungumzo na Walimu wa Michezo, Chake Chake

Assalaamu alaykum, walimu wenzangu. Mnajua nitakalosema, nimelisema Wete na nimelisema Mkoani: kwenye mpira wa wavu, yaani voliboli, wavu wa skuli zetu uko juu mno kwa watoto wa kike wa miaka 12.

Wavu wa wanawake ni mita 2.24. Mchezaji wa mita 1.80 akinyoosha mkono bila kuruka anafika kama mita 2.30, vidole vimeshapita. Mtoto wa mita 1.45 anafika kama 1.85. Aruke karibu sentimita 40 ndiyo kwanza aguse utepe wa juu. Kuupiga mpira uende chini, hawezi. Hao wawili tunasema wanacheza mchezo mmoja!

Nendeni uwanjani mtizame. Mtoto mmoja aliyetangulia kurefuka anaanzisha mpira kwa mkono wa juu. Upande wa pili wamesimama, kila mmoja anamtizama mwenzake, mpira unaanguka katikati yao. Pointi. Anaanzisha tena, unaanguka palepale. Seti inafika 25 na hakuna upande uliougusa mpira mara tatu kabla ya kuurudisha. Mwalimu anashangilia, mtoto anaandikwa timu ya wilaya. Akifika UMISSETA, mashindano ya michezo ya skuli za sekondari, anakutana na wasichana wanaojua kupokea. Mpira wake uleule unapokewa, unapandishwa, unarudi kwa smashi. Yeye hajui asimame wapi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumlazimisha kupokea. Tunasema ameshuka kiwango. Hajashuka! Kiwango chenyewe hatukumpa.

Atatokea mwalimu aseme kushusha wavu ni kuwadekeza. Kumdekeza nani? Mtoto akiweza kushambulia, wa upande wa pili hana budi azuie, aokoe, apokee. Kazi imeongezeka hapo. Wajapani ni wafupi mbele ya timu kubwa za dunia, na bado wanawake wao walichukua shaba Olimpiki ya London 2012, watizameni wanavyopokea. Malkia Strikers, timu ya wanawake ya Kenya, mabingwa wa Afrika 2023, walikwenda Paris 2024 wakafungwa na Brazil, Poland na Japani, kila mechi seti tatu bila. Kila ngazi unayopanda, pointi za bure zinakwisha, na anayezizoea utotoni ndiye anayeumia.

Nilitaka kuwazungumzia kina mama waliovuka miaka 35, wanaoruka kidogo lakini wameshausoma mpira kabla haujapigwa, na wanautia nyuma ya wazuiaji pasipo mtu. Bi Mwenyekiti ananionesha saa. Magoti nayo, kwa watoto wanaotua kwenye saruji kila jioni, yanataka siku yake.

Basi, mechi ijayo mwalimu chukua daftari. Wafungaji waache. Andika mipira mingapi imepokewa, ikapandishwa, ikapigwa. Na kamba ishusheni leo leo, mita 2 zinawatosha wadogo. Haihitaji bajeti wala barua ya wizara, ni kufungua fundo na kulifunga chini kidogo.