Kabla ya Kusema "Vizuri": Maelezo ya Maandishi katika Darasa la Dansi

Walimu wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Mwambie mwanafunzi aandike alichokiona mwenzake akicheza. Mara nyingi atakuletea hivi: "Alicheza vizuri, alijiamini." Hapo ametoa hukumu, hajaeleza kitu. Aliyecheza atafurahi akiisoma, lakini hatajua kesho arudie nini.

Mrudishie karatasi, umuulize. Mwendo ulianzia kiungo gani? Uzito ulikuwa mguu upi? Alipogeuka, kichwa kilitangulia au kilifuata? Sasa ataandika: "Alishusha bega la kushoto, mkono ukaning'inia, kisha akageuka ghafla juu ya kisigino cha kulia, macho yakiwa bado yamebaki nyuma." Sentensi hii inachezeka. Mimi huipima hivyohivyo: nampa mwanafunzi ambaye hakuiona dansi, asome kisha acheze. Akikwama, pale alipokwama karibu kila mara ndipo mwandishi hakutazama. Basi anarudi kutazama, safari hii akijua anatafuta nini.

Wengine watalalamika kwamba hawana maneno. Rudolf Laban, aliyechapisha mfumo wake wa kuandika miondoko kwa alama mwaka 1928, alitafuta pia namna ya kueleza sifa za mwendo, akazipanga katika mambo manne: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Chukua mkono unaopanda tu. Una nguvu au ni mwepesi? Ni wa ghafla au wa taratibu? Unalenga mahali pamoja au unazungukazunguka? Umezuiliwa au umeachiwa? Kwa hesabu ya haraka, mkono uleule unaweza kupanda kwa namna 16, na bado hatujataja kiwiko. Alama zake zenyewe ni somo refu. Kwa darasa la kawaida maswali haya manne yanatosha.

Tafsiri na tathmini zije baadaye, tena zitaje ushahidi. Anayesema dansi ilikuwa ya huzuni atuonyeshe huzuni hiyo aliiona kwenye kiungo gani.

Tahajia msisahihishe. Yupo mchezaji hodari anayeogopa kalamu kuliko jukwaa. Huyo aseme, mwenzake amwandikie. Na tafadhali, msiwakalishe watoto kuandika katikati ya kipindi, miili ikapoa, halafu mkawataka waruke. Waandike mwishoni, mistari mitano au sita, na kipindi kinachofuata kianze kwa kuisoma wakiwa wamesimama.