Anzeni na Stika ya Pawa Saplai

Mhadhara kwa vijana wanaojiundia kompyuta za gemu, Kisumu

Hamjambo, vijana wangu. Mlio nyuma songeni mbele, viti vipo.

Nimepitia orodha zenu chache hapo mlangoni. Karibu zote zina mpango mmoja: juu prosesa, halafu kadi ya grafiki, halafu ramu, halafu kasha lenye taa za rangi, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, "pawa saplai yoyote", yaani kile kisanduku kinachogeuza stima ya ukutani kuwa umeme wa kompyuta. Hilo neno "yoyote" ndilo limenileta hapa. Nimelipinga Kakamega, nimelipinga Kisii, na leo nalipinga tena.

Kuna mama mmoja anauza omena Kibuye. Mwanawe alifanya vizuri shuleni, naye akaweka akiba mwaka mzima ili amnunulie kompyuta. Kijana alichagua kwa akili: prosesa Core i5-12400F, kadi ya RTX 3060, ramu ya giga 16. Pesa zilizobaki zilikuwa kidogo, basi duka likamuuzia pawa saplai iliyoandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Mashine ikawaka. Intaneti, sawa. Filamu, sawa. Akiingia kwenye gemu, baada ya dakika kumi hivi inazima, skrini giza totoro, utadhani stima imepotea. Wakaipeleka kwa fundi, akabadilisha ramu. Mama akalipa. Wakaipeleka kwa mwingine, akafuta Windows na kuiweka upya. Mama akalipa. Wa tatu akasema kadi ni mbovu. Siku waliponiletea ilikuwa haiwaki kabisa. Pawa saplai ilikuwa imekufa, na ilikuwa imekufa pamoja na mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote.

Nilifungua kasha nikamulika stika kwa tochi ya simu. Hapa sikilizeni vizuri. Ile 600 ni ya kuuzia. Chini yake kuna jedwali dogo la volti na ampea. Tafuta panapoandikwa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kutoka hapo. Palikuwa pameandikwa 18A. Zidisha: 12 mara 18 ni 216. Wati 216! Sasa RTX 3060 peke yake inakula 170. Prosesa ile imeandikwa 65, lakini ikikazana hufika 117. Jumlisha: 287. Hapo hujagusa feni, wala diski, wala mazabodi yenyewe. Kwenye filamu kadi inasinzia, ndiyo maana mashine ilivumilia. Kwenye gemu kadi inaamka na njaa yake yote. Nvidia wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na ukiipata ya kweli stika yake itaonyesha kama 45A kwenye +12V. Linganisha 45 na 18, uniambie kama mama yule alistahili kulipa mafundi watatu.

Kulikuwa na dalili nyingine machoni pa kila mtu. Kadi ile inataka plagi ya pini 8, na pawa saplai haikuwa nayo. Duka likampa adapta inayounganisha plagi mbili za moleksi, zile pana za pini 4 za kulishia diski za zamani. Pawa saplai isiyo na waya wake wa pini 8 imekuambia yenyewe kwamba mzigo huo haiuwezi. Adapta inaiziba mdomo tu.

Najua kuna mtu atasema, "Mwalimu, mimi natumia ya bei rahisi mwaka wa pili sasa na haijanisumbua." Una kadi gani? GTX 1650? Nyingi za hizo hazina hata plagi. Zinachota wati 75 kwenye mazabodi, basi. Mwingine atasema ana gadi ya friji ukutani. Iweke, ni nzuri, hasa kwetu huku ambako mvua za alasiri huja na radi na stima hurudi kwa kishindo. Lakini gadi haiongezi hata ampea moja kwenye ile safu ya +12V.

Tena geuzeni mgongo wa pawa saplai mtazame kama kuna swichi ndogo nyekundu, 115 au 230. Stima yetu ni volti 240. Swichi ikiachwa kwenye 115, inalipuka pale pale unapowasha.

Sasa hizi ex-UK, mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza. Wengi mtaanzia hapo, na sioni ubaya, bei inaeleweka. Lakini mashine ya ofisini iliundwa kwa kazi za ofisi. Chukua Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba. Pawa saplai yake ni wati 255, na mazabodi inatumia plagi ya pini 8 mahali pa ile ya kawaida ya pini 24, kwa hivyo huwezi kung'oa moja ukapachika uliyoipata dukani hivi hivi. Kasha nalo linakubali kadi fupi kwa kimo peke yake. Nimeona kijana ametuma pesa Nairobi, kadi ikaja kwa basi usiku kucha, asubuhi anaipima inatokeza nje ya kasha kama mguu wa kiti. Pimeni kwa rula kabla ya kutuma pesa. Kimo, urefu, unene.

Naambiwa zimebaki dakika tano. Basi haraka haraka. Soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi: msihesabu pini peke yake. LGA1151, soketi ya Intel, ziko za aina mbili. I5-8400 ni ya aina ya pili; inaingia kwenye bodi ya H110, ya aina ya kwanza, vizuri kabisa lakini haitawaka. AM5, soketi ya AMD, inakula ramu ya DDR5 tu. LGA1700, ya Intel, inakula DDR4 au DDR5 kulingana na bodi, kamwe si zote mbili kwa pamoja. Na ramu ikikataa kuingia usiisukume kwa nguvu, pengo lake liko mahali tofauti. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni haina grafiki ndani yake, kwa hivyo waya wa skrini uende kwenye kadi, usiende kwenye mazabodi. La joto na feni nilikuwa nalo, litangoja siku nyingine.

Waliokuja na mashine zao, zileteni hapa mezani. Fungueni ubavu, stika ya pawa saplai ionekane. Nani ana tochi?