Itikise Kwanza

Karibuni. Leo ni usalama wa bastola kwenye upigaji wa filamu. Najua wengine mmekuja kusikia kama filamu ya Rust inafaa kutazamwa. Haifai sana. Ni ya Marekani ya bastola na farasi, miaka ya 1880: mandhari ya kupendeza, mwendo wa kobe. Mtoto wa miaka 13 anamuua mtu kwa bunduki bila kukusudia, anahukumiwa kunyongwa, babu anakuja kumtorosha. Nimesema bila kukusudia, mmesikia? Tarehe 21 Oktoba 2021, karibu na Santa Fe, New Mexico, wakiwa mazoezini ya filamu hiyohiyo, bastola iliyokuwa mkononi mwa Alec Baldwin, mwigizaji wa babu huyo, ilimuua mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins. Risasi ikapita, ikamjeruhi mwongozaji Joel Souza begani. Baada ya hapo nani ana macho ya mandhari?

Na msinianze na Baldwin. Kila nikisimama kwenye jambo hili mnaniuliza Baldwin. Tuanze na risasi.

Risasi hai ina ganda, baruti, kichwa, na kitakoni fataki ya kuwashia (siyo yule fataki wa matangazo ya zamani ya redio, aliyewinda wanafunzi). Risasi baridi ina vyote hivyo isipokuwa kichwa. Risasi bandia ina kichwa, haina baruti. Ya nini basi, si bastola ikae tupu? Bastola ya silinda ukiipiga picha kwa mbele, vichwa vinaonekana matunduni. Ikiwa tupu, mtazamaji anaona mashimo na mchezo umeharibika.

Shida ni kwamba bandia na hai kwa nje ni pacha. Ndiyo maana ndani ya bandia hutiwa gololi ndogo ya chuma, au ganda hutobolewa ubavuni. Msimamizi wa silaha anaishika moja kwa vidole viwili, anaisogeza sikioni, anaitikisa. Ikilia kama kayamba, inaingia. Isipolia, na tundu haina, inawekwa kando na kazi inasimama. Halafu ya pili. Halafu ya tatu, mpaka ya 6, mbele ya mwongozaji msaidizi na mwigizaji atakayeishika. Msiniambie muda hakuna! Dakika mbili haziishi. Kule Santa Fe bastola ilitangazwa kuwa salama, na mwongozaji msaidizi baadaye akakiri kwamba hakukagua zote. Wapelelezi walikuta risasi hai 6 mahali pale, pamoja na ile iliyoua.

Kuna atakayesema, basi tujitengenezee bandia zetu, kwisha. Haya, twende Wilmington, North Carolina, Machi 1993, alipokufa mwigizaji Brandon Lee wakipiga filamu ya The Crow. Watengenezaji walichukua risasi hai, wakang'oa vichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa. Fataki wakaiacha! Bastola ikafyatuliwa, fataki peke yake ikasukuma kichwa, nguvu ikaishia njiani, kikakwama ndani ya mtutu. Hakuna aliyechungulia. Siku nyingine ikapakiwa risasi baridi, ambayo baruti inayo, ikakuta kichwa kinasubiri, ikakirusha, kikamuua Lee. Ufito mwembamba ukiingizwa mtutuni ungegota palepale. Ufito tu, jamani, hata wa mbao.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka: risasi baridi nayo inaua ikifyatuliwa kwa karibu, mwigizaji Jon-Erik Hexum aliweka bastola yenye risasi hiyo kwenye panja lake kwa mzaha mwaka 1984, akafyatua, akafa. Usielekeze mtutu kwa mtu, lenga pembeni ya kamera, pembe ya lenzi itadanganya. Mazoezini tumieni bastola ya mpira. Mambo ya kesi nayaruka: msimamizi wa silaha wa Rust alipewa miezi 18 jela, kesi ya Baldwin ikafutwa Julai 2024. Filamu ilimaliziwa Montana, na bado imepooza.

Hapa mezani pana risasi bandia 6, fataki zote zimetolewa. Tano zina gololi. Njooni mmoja mmoja mtikise, mniambie ni ipi isiyolia.