Besi Iliyolala Juu ya Kabati

AKINYI: Karibuni tena, tuko Kisumu, Manyatta, kile chumba cha nyuma, na leo jogoo wa jirani ameahidi kunyamaza. Mimi ni Akinyi, Jumapili nashika gitaa la besi kanisani, Jumamosi nashika besi kwa harusi na matanga, sina ubaguzi.

KIP: Na mimi Kip, nimetoka Nakuru asubuhi na mapema, begi la gitaa limenikalia mapajani safari nzima.

AKINYI: Ulililipia kiti?

KIP: Wacha tu. Makanga alitaka niliweke kwa buti chini ya gunia za waru. Nikamwambia mkubwa, hii nitaibeba kama mtoto. Akasema basi mtoto wako alipe nusu.

AKINYI: (anacheka) Na ukalipa.

KIP: Nikalipa, ningefanya nini.

AKINYI: Sawa. Leo tunaongea kununua besi na kuiweka, na hiyo studio ya chumbani ambayo kila mtu anataka lakini anaanzia mahali pabaya. Na nataka nianze na aibu yangu mwenyewe. Besi yangu ya kwanza nilinunua elfu 18, sekondihandi, nyeusi na ile plastiki nyekundu ya mabaka kama gamba la kobe, inang'aa mpaka unajiona meno. Jamaa alinipata stejini ya matatu jioni, giza linaingia, akafungua zipu nusu tu. Nusu, Kip! Mimi kwa ajili ya ile rangi nikatuma M-Pesa hata sijaishika. Nikafika nyumbani nikaiweka kwa ampu, kuanzia freti ya tano, vile vyuma vya kulala shingoni, hadi ya tisa kila noti inalia zzzzz kama nzi kwa chupa.

KIP: Shingo.

AKINYI: Shingo. Ilikuwa imejipinda, sio ile ya kuinama mbele, ile ya kujinyonga kama kitambaa ukikamua. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa, akaiangalia dakika moja akanirudishia, akaniambia dada, hii ipige msumari ukutani itundike, ni pambo.

KIP: Pole aki. Na hiyo ndio maana mimi mtu akiniuliza ninunue besi gani, sisemi kampuni. Nasema angalia shingo kwanza. Pikapu unaweza badilisha, na naongea pikapu ya gitaa, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, sio ile ya kubeba mahindi. Nyuzi unabadilisha, vile vichwa vya kukazia unabadilisha, soketi ya waya fundi wa redio anakuchomea dakika kumi. Shingo ikijinyonga umezika pesa.

AKINYI: Waelezee vile unaangalia, lakini polepole.

KIP: Unashika besi kama unalenga bunduki, jicho kule mwisho wa mwili, unatazama hadi kichwani, kingo mbili za shingo zinafaa kwenda pamoja, moja ikipanda na nyingine ikishuka, rudisha, sema asante, nenda kunywa chai. Halafu ya pili, bonyeza uzi mnene kwa freti ya kwanza na kwa mkono mwingine bonyeza freti ya mwisho, sasa uzi umekuwa rula yako, angalia katikati karibu na freti ya saba, kunafaa kuwe na kanafasi kadogo kama unene wa kadi ya biashara. Kama uzi umelala kabisa kwa freti shingo imerudi nyuma, kama kidole kinapita chini imeinama mbele. Hizo mbili zote zinaweza tengenezwa kwa sababu ndani ya shingo kuna chuma, trasi rodi, unaizungusha na aleni kii.

AKINYI: Robo mzunguko! Sema robo.

KIP: Robo tu, halafu unaachana nayo mpaka kesho yake. Kuna watu wanazungusha kama wanafungua nati ya tairi, wanasikia "tak", hiyo sasa ni shingo ingine unaenda kutafuta.

AKINYI: Mimi naongeza jaribio moja la sikio. Chomeka kwa ampu, weka sauti juu, usiguse kitu. Kuna kavumo. Sasa weka kiganja kwa nyuzi. Kama kavumo kanapungua, sawa, ile waya ya ethi inayoingia chini ya daraja, pale nyuzi zinafungwa mwilini, iko hai. Kama kanazidi ukigusa, kuna waya imekatika ndani, si mwisho wa dunia, lakini punguza bei.

KIP: Na piga kila freti, kila uzi. Muuzaji akikasirika ni wake.

AKINYI: Wanasema "dada unanunua ama unafanya mtihani?" Nafanya mtihani.

KIP: Sasa tukosane kidogo. Precision ama Jazz?

AKINYI: Ah, umeanza.

KIP: Kwa wale hawajui, kampuni ya Fender walitoa besi ya Precision 1951, Jazz ikaja 1960, na besi nyingi sana unaona madukani, hata za bei ya chini, zimeiga moja ya hizo mbili ama zimechanganya. Precision ina pikapu moja iliyogawanyika nusu mbili, hiyo ya kugawanyika ilianza 1957, na inajiua kelele yenyewe. Jazz ina mbili zimelala sambamba, ukifungua zote kamili kelele inapotea, ukipunguza moja kavumo kanarudi. Na shingo ya Jazz ni nyembamba pale juu kwa nati, kale kakipande nyuzi zinapitia zikienda kichwani.

AKINYI: Na mikono yangu ni midogo, kwa hivyo kesi imeisha. Lakini pia ni muziki, Kip. Wewe unapiga gospo ya polepole, besi inakaa chini kama msingi wa nyumba. Mimi huku ni benga. Besi ya benga haikai nyuma, inaruka, inajibizana na gitaa, na lile gitaa lenyewe linaiga nyatiti, kile kinubi cha Kijaluo cha nyuzi nane, sasa nikikuja na sauti ya blanketi nitasikika wapi? Nataka ile Jazz inayokoroma kidogo, kila noti iwe na meno.

KIP: Precision iko na meno ukiipiga karibu na daraja.

AKINYI: Iko na ufizi. (anacheka)

KIP: Haya. Kama mfuko ni mdogo, kuna hizi za kuchanganya, pikapu ya Precision mbele na ya Jazz nyuma, kama Yamaha TRBX174 ama Ibanez GSR200. Ya Yamaha haina betri, ya Ibanez iko na betri ya volti 9 ndani ya kuongeza uzito wa sauti. Na ukiwa na besi ya betri, jamani, chomoa waya ukimaliza. Ile jeki ndio swichi. Ukiacha waya imechomekwa usiku mzima betri inakunywewa, unaenda ibada ya kwanza, sauti inakufa katikati ya sifa.

AKINYI: Unaongea kama ulikuwepo.

KIP: Nilikuwa mimi. Pasta aliendelea na makofi.

AKINYI: Na nyuzi tano?

KIP: Ukihitaji. Ule uzi wa tano, B ya chini, uko kama hezi 31, yaani mitetemo 31 kwa sekunde, kwa besi ya bei rahisi inakuwa legelege kama kamba ya nguo. Anza na nne.

AKINYI: Nyuzi mpya ni ghali lakini. Mimi huwanga nachemsha. Usicheke. Unatoa nyuzi, unazikunja, sufuria ya maji, dakika kumi, mafuta ya vidole na uchafu vinatoka, unakausha vizuri na taulo, zinarudi kung'ara wiki kadhaa. Mama alifunika ile sufuria akijua ni matumbo. Alipofunua akaita jina langu lote, hadi la ubatizo.

KIP: Ukiweka zile laini, flati, huhitaji kuchemsha. James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alikuwa na Precision ya 1962 na nyuzi flati nene, na anajulikana kwa kutobadilisha mpaka ikatike.

AKINYI: Yeye alikuwa Jamerson. Turudi Manyatta. Kuweka besi. Nilipata ya pili, nzuri, Jazz ya mtumba ya heshima, shingo kama rula. Nikaogopa mtoto wa dadangu ataiangusha, nikailaza juu ya kabati. Juu ya kabati, chini ya mabati, hakuna silingi. Saa nane mchana pale juu unaweza kaanga yai. Halafu jioni upepo wa ziwa unaingia na ule unyevu, mbao inakunywa. Mchana inakauka, usiku inavimba, miezi mitatu hivyo. Nikaishusha, nyuzi zimepanda juu ya freti, daraja lina kutu, na pembeni ya shingo freti zinanikwaruza kiganja kama msumeno kwa sababu mbao imenywea na chuma hakinywei.

KIP: Hiyo ya freti kutokeza hata mimi Nakuru napata, Januari na Februari, kule tuko zaidi ya mita 1,800 juu, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Kwa hivyo ukinunua besi Nakuru ukaileta Kisumu, ipatie wiki mbili itulie kabla hujaanza kusumbua trasi rodi.

AKINYI: Sasa mimi naiweka hivi: ndani ya begi lake, imesimama, kona ya ukuta wa ndani, sio ule wa nje unaopigwa na mvua, wala sio chini ya kitanda kwa sakafu, maji yakiingia itakuwa mtumbwi. Ndani ya begi natupa vile vipakiti vya silika vya viatu vipya, vingi, navianika jua kali mara kwa mara. Watu wanatumia mchele. Mchele unaleta wadudu na vumbi, pika ule. Ukimaliza kupiga, futa nyuzi na kitambaa kikavu, jasho ndio kutu. Na usilegeze nyuzi zote eti unaipumzisha, shingo imezoea kuvutwa.

KIP: Kama hewa ya pale unaiweka iko asilimia 45 hadi 55 za unyevu, uko poa. Vile vipima unyevu vya kuweka ukutani si ghali.

AKINYI: Twende studio. Kip, mtu ana laptopu na besi. Anunue nini kwanza? Wote wanakimbilia maiki.

KIP: Intafesi. Kile kisanduku kidogo cha USB kinachoingiza sauti ya besi kwa laptopu, kama Focusrite Scarlett Solo ama ndugu zake, lakini hakikisha kina swichi ama tundu la gitaa, limeandikwa INST ama Hi-Z, sababu besi ukiichomeka kwa tundu la kawaida inasikika kama iko ndani ya pipa. Na uzuri wa besi, haihitaji maiki! Waya moja kwa moja. Jirani apige nyundo, jogoo awike, mvua inyeshe, rekodi yako iko safi. Rekodi biti 24, sauti isipande juu sana, kilele kiwe hapo kwa desibeli hasi 12, usijaze.

AKINYI: Programu?

KIP: Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, Audacity ni bure. Hedifoni ziwe zile zinafunga masikio.

AKINYI: Na trei za mayai, zile watu wanabandika ukutani?

KIP: Uuui. Sikiza. E ya chini ya besi ni hezi 41, wimbi lake lina urefu wa mita 8 na zaidi. Chumba chako ni futi kumi kwa kumi, mita tatu. Trei ya yai itazuia nini? Inazuia mwangwi kidogo wa sauti nyembamba, besi inapita ikicheka. Ndio maana kona ya chumba besi inavimba na katikati inapotea. Changanya sauti zako, yaani mix, kwa hedifoni, halafu sikiza kwa simu. Simu haiwezi toa hezi 41, ukisikia besi kwa simu basi zile sauti za juu yake ziko sawa. Halafu mwisho kabisa mpatie makanga flashi diski.

AKINYI: Matatu ndio jaji. Kwa sauti ya mtu nao, kama chumba chako ni kama changu, maiki ya dainamiki. Zile kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwa intafesi na zinasikia kila kitu, mimi nilirekodi kwaya nikasikia muuza mandazi mpaka bei. Kama ni Shure SM58, feki ni nyingi sana. Ya kweli ina karibu gramu 298. Nilienda kupima yangu kwa mizani ya butcheri.

KIP: Na?

AKINYI: Gramu 210. Butcheri akaniuliza nikufungie?

KIP: (anacheka sana) Aki wewe. Stima sasa, kabla tumalize. Vitu vinatoka Marekani ni volti 120, huku ni 240. Binamu yangu aliletewa ampu kama zawadi, akachomeka, ikafanya pah, moshi, chakula cha Krismasi kikanuka plastiki. Soma nyuma ya mashine.

AKINYI: Na ekstenshen zilizokatwa ile pini ya ethi. Kanisani niliwahi gusa maiki na mdomo nikiwa nimeshika nyuzi, nikapigwa shoti ya midomo, watu wakadhani ni upako.

KIP: Kavumo mob kwa rekodi za nyumbani kanatoka kwa chaja ya laptopu. Chomoa chaja, rekodi na betri. Intafesi ndogo inakula umeme wa laptopu yenyewe, hakuna kitu kinagusa ukuta, kimya kabisa.

AKINYI: Ndio maana mimi stima ikipotea mtaa mzima unalia, mimi nakimbilia besi. Hakuna redio ya jirani, hakuna friji, hakuna welda. Rekodi zangu tatu nzuri zote ni za giza.

KIP: Hiyo ni radi?

AKINYI: Hiyo ni mvua ya ziwa, iko hapo Dunga ufukweni, dakika tano iko hapa kwa mabati na hamtatusikia tena. Kip, chomoa ile ya ukutani kwanza. Hapana, hiyo ni ya friji. Hiyo ingine.