Si kasiksi peke yake: wanaume, hepatiti B na kansa ya ini

(Maneno yaliyosemwa Bukavu mbele ya wazazi na wauguzi)

Wababa, wamama, asanteni kwa kufika na mvua hii. Hepatiti B ni ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi; zaidi ya hapo sitarudia. Wengi mlikwisha kunisikia Kadutu na Bagira. Leo naongea na wanaume.

Kansa ya ini inawapata wanaume mara 2 hadi 3 kuliko wanawake, karibu dunia nzima. Nikisema hivyo, lazima mtu anijibu: "Docteur, ni kasiksi hiyo," ile pombe yetu ya ndizi. Jibu hilo limenichosha. Pombe inaharibu ini, ndiyo, na mwenye kirusi asiiguse kabisa. Lakini angalieni Gambia, nchi ya Waislamu wengi, watu wachache wanakunywa. Kule nako kansa ya ini ndiyo inayoongoza kwa wanaume. Basi kuna kitu kingine, na mwanaume anacho mwilini.

Ni testosteroni, homoni yake mwenyewe. Ndani ya seli ya ini inashikana na kipokezi chake, yaani protini inayoipokea, na hicho kipokezi kinakwenda kukaa juu ya vinasaba vya kirusi, mahali panapoamuru kirusi kizaliane. Kirusi nacho kina protini iitwayo HBx, inayozidisha nguvu za kipokezi kilekile. Vinalishana, hiki na kile, mwaka hadi mwaka, na mtu hasikii maumivu yoyote. Estrojeni, homoni ya wamama, inaelekea upande mwingine: katika panya imeonekana kupunguza interlukini-6, ishara inayochochea ini kuvimba na kuwaka. Lakini mama naye asijisahau, maana hedhi ikikoma ulinzi huo unapungua.

Kijana mmoja aliniuliza kama basi tutafute dawa ya kuzima homoni. Zilijaribiwa kwa wagonjwa wa kansa ya ini, hazikuwaongezea maisha. Cha kuzimwa ni kirusi, na tenofoviri inafanya kazi hiyo: kidonge kimoja kwa siku.

Sasa niwaambie habari ya mama mmoja. Alipimwa akiwa na mimba, akakutwa na kirusi. Akarudi nyumbani na karatasi yake, mume akamuuliza: "Umeitoa wapi?" Akamrudisha kwa wazazi wake. Yeye baba hakupimwa. Nilimtumia ujumbe mara tatu, akasema hana ugonjwa, ana nguvu, anabeba mifuko ya saruji. Hapa kwetu walio wengi waliambukizwa utotoni: mtoto akikipata wakati wa kuzaliwa, karibu 90% kinabaki naye maisha yote, na mtu mzima akikipata ni chini ya 5%. Kwa hiyo hakuna aliyejua nani alianza, na haikuwa na maana kuuliza. Miaka ilipita, baba akaletwa tumbo limejaa maji, macho manjano. Ekografi, ile picha ya tumbo kwa mashine, ilionyesha uvimbe mkubwa kuliko ngumi yangu. Yule mama ndiye aliyerudi kumuuguza. Yeye alikuwa akifuatiliwa muda wote ule na ini lake ni zima.

Naona saa. Kuna jambo moja, kama kutu ndani ya ini, nilitaka kulieleza vizuri; nitalifupisha. Kinga ya mwili ikipigana na kirusi inatoa oksijeni kali, na hiyo inakula seli kama kutu inavyokula panga lililoachwa kwenye umande. Vinasaba vinakatika, ini linajijenga upya kwa haraka, makosa yanabaki humo. Pombe inazidisha kutu hiyo. Karanga na mahindi yenye ukungu vina sumu ya aflatoksini inayovunja vinasaba hivyohivyo; kwa mwenye kirusi hatari inazidishwa, haijumlishwi tu. Kuosha au kupika hakuiondoi. Vitupeni.

Mwenye kirusi afanye ekografi kila miezi 6, hata kama ini halijakauka, yaani halijajaa makovu, maana kansa ya hepatiti B haingoji ini likauke. Mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Hepatiti C tutaiongea siku nyingine. Hiyo inapona kwa vidonge vya miezi 3.

Meza ya kupimia iko pale mlangoni, wauguzi wawili wanangoja. Wamama wakae kwanza. Wababa watangulie.