Jumla Huulizwa, Haitunzwi

Asanteni. Mama mwenyekiti, makarani, wahasibu, shikamooni wote mlionizidi umri, na wengine habari za asubuhi. Mliokuwepo kwenye mafunzo yaliyopita mnajua ninachokuja kusema. Nitakisema tena, kwamba jumla haiandikwi kwenye jedwali bali hukokotolewa kila inapohitajika, kwa sababu mwezi uliopita nimefunguliwa faili la Access, ile programu ya hifadhidata, la chama kimoja, na ndani ya jedwali la wanachama nikakuta safu imeandikwa JumlaAkiba. Safu ya jumla, ndani ya jedwali! Karani wa pale ni kijana mwenye bidii na hakuna aliyemfundisha vinginevyo. Lakini safu ile itawaumiza watu, na ninaweza kuwaambia itawaumiza vipi, maana nimeona.

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye chama cha akiba na mikopo, mji wa kando ya ziwa, jina niacheni nalo. Mwanachama wao mmoja, mama muuza dagaa, alitaka mkopo wa laki tisa anunue jokofu. Utaratibu wa chama mnaufahamu: mkopo hauzidi mara tatu ya akiba. Kitabu chake cha mkononi kilisema akiba ni 310,000. Mara tatu ni 930,000, jokofu lake linatosha. Karani akafungua fomu, fomu ikaonyesha 260,000. Mara tatu ni 780,000. Akamwambia, "Mama, mfumo unasema hupati."

Mfumo unasema. Yule mama aliondoka dirishani na kitabu chake kilichogongwa muhuri wa chama hicho hicho.

Nilipofungua jedwali la akiba, mistari yake ilikuwa mitano: 60,000, 100,000, 50,000, 70,000, 30,000. Jumlisheni wenyewe: 310,000. Kitabu cha mama kilikuwa sahihi na mistari ilikuwa sahihi. Kilichokosea ni safu ya Salio peke yake, ile iliyotunza jumla ya akiba ambayo fomu ilikuwa inaionyesha. Kumbe ule mstari wa kwanza uliwahi kuingizwa kama 10,000, kosa la kidole. Mtu akaliona, akaingia moja kwa moja kwenye jedwali, akaandika 60,000. Vizuri kabisa. Ila Salio lilikuwa linabadilishwa na fomu pale tu karani anapobofya kitufe cha kuhifadhi, na yeye hakupita kwenye fomu. Elfu hamsini ikabaki imepotea ndani ya safu ambayo kila mtu aliiamini kuliko risiti.

Tumekua tukisoma kwenye kuta za maduka, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kweli. Lakini ukiwa na daftari mbili zinazosema mambo mawili juu ya fedha ile ile, mali inapotea vilevile, tena na ushahidi wa maandishi. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, California, alishaieleza hatari ya kuweka habari moja mahali pawili kwenye andiko lake la mwaka 1970, andiko ambalo hifadhidata hizi zote za majedwali zimetokana nalo.

Najua mhasibu mmoja hapo mbele anataka kuniuliza: mbona daftari la mkono lina safu ya salio kila mstari, na limetufaa miaka yote? Ndiyo, kwa sababu mkono hauwezi kujumlisha mistari mia tisa kila mwanachama anapofika dirishani. Salio la daftari ni msaada kwa binadamu anayechoka. Mashine haichoki kujumlisha. Mwingine atasema itachelewa. Weka faharasa (index), ile inayoisaidia mashine kupata mistari haraka, kwenye safu ya namba ya mwanachama, kisha uniletee chama chenye mistari mingi kiasi cha kuichelewesha. Sijaletewa bado.

Basi nikaifuta ile safu ya Salio, nikatengeneza hoja (query), yaani swali ambalo hifadhidata inalijibu kutoka kwenye majedwali, ya kukokotoa akiba na marejesho ya kila mwanachama. Nikaunganisha majedwali matatu kwa pamoja, Wanachama, Akiba na Marejesho, nikaweka Sum, amri ya kujumlisha, kwenye akiba na Sum kwenye marejesho. Nikamtafuta yule mama. Akiba: 620,000. Marejesho: 450,000.

Hapa naomba tuwe pamoja, na mwenye kalamu aandike. Mama ana mistari 5 ya akiba. Mkopo wake wa zamani una mistari 2 ya marejesho, 45,000 na 45,000, jumla 90,000. Ukiunganisha majedwali haya kwa namba ya mwanachama, kila mstari wa akiba unashikana na kila mstari wa marejesho. Tano mara mbili, mistari 10. Kila akiba imehesabiwa mara mbili, kila rejesho limehesabiwa mara tano. Sum haikukosea hata senti moja. Imejumlisha nilichoipa, na nilichoipa kilikuwa kimeshavimba kabla haijaanza kazi.

Kosa hili halionekani kirahisi kwa macho, na ndiyo sababu nalirudia kila ninaposimama. Kwenye muungano wa kawaida, mwanachama ambaye hajawahi kurejesha chochote anatoweka kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo wengine wamevimba, wengine hawapo, na jumla kuu ya chama inaweza ikaangukia karibu na unayoitegemea. Bodi inapitisha. Mkaguzi akija anahangaika wiki nzima.

Na tafadhali mtu asiniambie dawa ni kuweka DISTINCT, ile amri ya kuondoa yanayojirudia. Nimeisikia hiyo mara nyingi na kila mara inanikera, kwa sababu inaficha kidonda. Mama karejesha 45,000 mara mbili, miezi miwili tofauti. Zile hifadhidata zinazokubali SUM ya DISTINCT, kama MySQL, zitaona kiasi ni kile kile na zitahesabu moja. Sasa umemdhulumu 45,000. Kiasi kufanana si kosa; watu wanaolipa kwa mpango hulipa kiasi kinachofanana.

Dawa yenyewe ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye. Hoja ya kwanza ijumlishe akiba peke yake, ikikusanya mistari kwa namba ya mwanachama, itoe mstari mmoja kwa kila mtu. Hoja ya pili ifanye hivyo hivyo kwa marejesho. Ya tatu ianze na Wanachama, iwachukue wote, iunganishe na hizo mbili kwa ule muungano unaobakiza wa upande wa kushoto hata wasiokuwa na kitu upande wa kulia. Mstari mmoja kwa mstari mmoja, hakuna kuvimba, hakuna anayetoweka. Mama akarudi 310,000 na 90,000.

Kuna swali halali linaloulizwa hapa: je, hakuna hesabu ya kutunza kabisa? Ipo, lakini inayotunzwa ni bei, jumla hapana. Kama chama chenu kinauza mbolea, bei ya siku ile iandikwe kwenye mstari wa mauzo. Usiichukue kutoka jedwali la bidhaa, kwa sababu mwezi ujao bei itapanda na risiti za zamani zitajibadilisha zenyewe. Kiwango cha riba ni vivyo hivyo, kiandikwe kwenye mkopo siku unapotolewa. Idadi na bei zikishakaa pale, kuzidisha na kujumlisha ni kazi ya hoja.

Naona naonyeshwa saa. Fomu, basi, haraka.

Kisanduku cha jumla kinakaa kwenye kijachini cha fomu, yaani sehemu yake ya chini. Ndani yake andika =Sum([Idadi]*[Bei]). Wengi mnaandika Sum ya jina la kisanduku kile kinachoonyesha jibu la mstari, mnapata #Error, mnanipigia simu saa mbili usiku. Sum haisomi visanduku vya fomu, inasoma safu za jedwali au hoja iliyo chini ya fomu. Mkitaka, hesabu ya mstari ifanyeni ndani ya hoja, muipe jina, kisha Sum italitambua jina hilo.

Jumla isipobadilika ukiwa unaandika, tazama pembeni kushoto mwa mstari. Kuna alama ya penseli? Mstari bado haujahifadhiwa, na jumla haihesabu usichohifadhi. Bonyeza Shift na Enter, penseli itaondoka na jumla itabadilika. Msianze kuandika programu ya kulazimisha jumla ijisasishe wakati tatizo ni penseli.

Nafasi tupu: Sum inaziruka, lakini alama ya kujumlisha haiziruki. Akiba + Hisa, kama hisa ziko tupu, jibu lote linakuwa tupu. Andika Nz([Hisa],0), inayogeuza tupu kuwa sifuri. Na mwanachama asiye na mstari hata mmoja, Sum yake ni tupu, si sifuri, kwa hiyo kwenye ile hoja ya tatu Nz haikwepeki.

Fedha zikae kwenye safu ya aina ya Currency, iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha, si Double, ya namba za desimali za kukadiria. Na riba iduarishwe, yaani ifanywe namba kamili, kwenye mstari, kabla ya kujumlisha. Mistari mitatu ya 333.4 itaonekana kwenye karatasi 333, 333, 333, na chini yake 1,000. Mwanachama atajumlisha kwa kidole apate 999, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu ripoti za mwisho wa mwezi nilikuwa nimeandaa, hatutafika. Kabla ya chai, kila mmoja afungue faili la chama chake, atafute mwanachama mmoja mwenye akiba nyingi na marejesho zaidi ya moja, ahesabu mistari yake kwa mkono kwenye karatasi, kisha aendeshe hoja yake ya jumla. Namba zikipishana, niiteni kwenye meza yenu. Nitaanzia kule nyuma.