Kuhama Benki: Anza na Taarifa ya Miezi Kumi na Mitatu

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo watu wengi hutembea nalo kichwani miaka na miaka bila kulitua: nihame benki au nibaki nilipo? Ninaposema akaunti leo, nina maana ile ya matumizi ya kila siku, inayopokea mshahara na kulipa kodi ya nyumba, ambayo kwenye fomu huandikwa akaunti ya hundi. Akaunti ya akiba naiweka kando. Ile ya akiba ukiihama unabeba fedha tu, basi. Hii ya matumizi imeota mizizi kwa mwajiri, kwa mwenye nyumba, shuleni kwa watoto, na pengine mahali ambapo wewe mwenyewe umeshapasahau.

Nianze na yaliyonikuta. Miaka kadhaa iliyopita niliamua kuhama. Nilichapisha taarifa ya benki ya miezi mitatu, nikakaa mezani na kalamu, nikapigia mstari kila makato. Nikapata orodha nzuri: umeme, maji, karo, mkopo mdogo, mchango wa ukoo. Nikawaarifu wote mmoja baada ya mwingine, mshahara ukaanza kuingia akaunti mpya, nikaenda kuifunga ya zamani nikiwa na amani kabisa. Miezi minane baadaye mtu wa nyumbani kwangu aliugua usiku. Tukafika mapokezi ya hospitali, karani akapitisha kadi ya bima mara ya kwanza, akapitisha mara ya pili, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe. Neno lilikuwa moja: imesitishwa. Malipo ya bima ile yalikuwa yakikatwa mara moja tu kwa mwaka. Yalikwenda kwenye akaunti iliyofungwa, hayakupata kitu, yakarudi. Usiku ule tulilipa taslimu, na mgonjwa akatibiwa akapona. Lakini tangu siku hiyo simwambii mtu asome taarifa ya miezi mitatu. Namwambia asome ya miezi kumi na mitatu.

Namba hiyo sikuibuni mimi. Uholanzi ilipoanzisha huduma ya kuwasaidia wateja kuhama benki mwaka 2004, ilipangwa kwamba malipo yanayoelekezwa kwenye akaunti ya zamani yapelekwe yenyewe kwenye akaunti mpya kwa muda wa miezi 13. Uingereza ilipoanzisha huduma yake Septemba 2013, nayo iliweka miezi 13, na baadaye ikaurefusha muda huo hadi miezi 36. Tazameni hesabu ilivyo. Mwaka mmoja na mwezi mmoja ni muda wa kutosha kwa kila kinachokatwa mara moja kwa mwaka kupita angalau mara moja, hata kikichelewa siku kadhaa. Bima yangu ingenaswa.

Huko Uingereza msukumo ulitoka kwenye tume ya mabenki iliyoongozwa na John Vickers, iliyotoa ripoti yake Septemba 2011. Tume iliona kwamba ushindani wa mabenki hauna maana kama mteja anaogopa kuondoka. Matokeo yake, kuhama kunamalizika ndani ya siku 7 za kazi, na kazi yote inafanywa na benki mpya. Ikitokea kosa katika kuhamisha malipo, benki mpya inakurudishia riba na ada ulizotozwa kwa sababu ya kosa hilo. Ufaransa nayo, tangu Februari 2017, benki mpya inabeba mzigo huo kwa niaba ya mteja. Kwa hiyo swali la kwanza popote ulipo ni hili: je, hapa kuna huduma ya namna hiyo? Kama ipo, itumie, na tafadhali usikimbilie kuifunga akaunti ya zamani kwa mkono wako, maana ukishaifunga, huduma haina tena cha kuhamisha. Kama haipo, basi huduma hiyo ni wewe, na orodha yako ndiyo zana yako ya kazi.

Mtu anaweza kuuliza, mbona namba ya simu siku hizi unahama nayo mtandao hadi mtandao, ya akaunti huhami nayo? Sababu ni kwamba namba ya akaunti kwa kawaida imebeba benki ndani yake. Chukua namba ya IBAN inayotumika Ulaya na kwingineko: herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za ukaguzi, na katika zinazofuata kuna alama ya benki yenyewe. Ukitoka kwenye benki, sehemu ya namba yako inakuwa ya uongo. Waswidi wana njia nzuri ya kupita hapo. Wafanyabiashara wao wanatumia namba ya Bankgiro, ambayo ni anwani tu inayoelekeza kwenye akaunti. Mwenye nayo akihama benki, anabadilisha inakoelekeza, wateja wake wanaendelea kulipa palepale. Natamani kila nchi ingefika huko, maana kinachomfunga mtu kwenye benki asiyoipenda mara nyingi ni tarakimu zile tu.

Sasa turudi mezani kwenye taarifa ya benki, maana uamuzi unafanyika pale. Matangazo hayawezi kukuamulia, kwa kuwa tangazo linamzungumzia mteja fulani wa kufikirika. Taarifa inakuzungumzia wewe.

Kwanza tafuta mistari midogo. Ada ya kuendesha akaunti, ada ya ujumbe wa simu, ada ya kutoa fedha kwenye mashine ya benki nyingine, ada ya kuhamisha. Kila mmoja peke yake hautikisi mtu. Ijumlishe yote kwa mwaka mzima, kisha andika jumla kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi. Hiyo ndiyo bei unayolipa kukaa hapo ulipo. Halafu chukua orodha ya ada ya benki unayoitamani, na upige hesabu ya mwaka wako uleule, miamala yako ileile, kwa bei zao. Hapo wengi hushtuka. Benki inayojitangaza kuwa haina ada ya mwezi inaweza kuwa ghali kwako kama unatoa fedha mashineni mara kumi kwa mwezi na kila mara wanakata.

Kisha tazama salio lako linalala wapi siku tatu kabla ya mshahara. Kama linashuka chini ya sifuri, unaishi kwa ovadrafti, na kwako ada ya mwezi ni jambo dogo. Linganisha riba ya ovadrafti na faini zake, na uliza mapema kama benki mpya itakupa kiwango kilekile. Usidhani. Nimewahi kumwona mtu amehama kwa furaha, mwezi wa kwanza makato matatu yakarudi kwa kukosa fedha, kwa sababu benki mpya haikumjua na haikumpa hata senti ya ovadrafti. Na kama salio lako halishuki kabisa, limejaa mwaka mzima, swali lako ni jingine: bima ya amana, yaani kinga ya fedha zako benki ikianguka. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, amana zinalindwa hadi euro 100,000 kwa kila mtu katika kila benki. Lakini majina mawili mlangoni yanaweza kuwa benki moja kisheria. Kule Uingereza, HSBC na First Direct wana leseni moja, kwa hiyo aliyeweka kwenye zote mbili ana kinga moja, si mbili.

Kuna jambo ambalo hata huduma nzuri za kuhamisha hazilifikii, nami naomba mlisikilize vizuri. Kuna malipo yanayokatwa kwa namba ya akaunti, na kuna yanayokatwa kwa namba ya kadi. Huduma ya Uingereza niliyoisifu inahamisha yale ya akaunti. Ya kadi, yaani usajili wa kila mwezi uliouweka kwenye simu au kompyuta kwa kuandika tarakimu za mbele ya kadi, inabidi ukayabadilishe mwenyewe, moja baada ya jingine. Kwenye orodha yako weka alama tofauti kwa hayo.

Zawadi ambazo benki hutoa kuwakaribisha wateja wapya sitazisemea sana. Inapotolewa, soma masharti: mara nyingi inataka kiasi fulani kiingie kila mwezi. Zawadi inatolewa mara moja, ada inarudi kila mwezi.

Wenye mikopo ndio nawaomba waende polepole. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara huenda una sharti kwamba mshahara upite kwenye benki hiyohiyo. Soma mkataba, au nenda ukaulize kabla ya kumwandikia mwajiri barua. Na kama unatarajia kuomba mkopo mkubwa hivi karibuni, benki yako ya zamani ina rekodi yako ya miaka, imekuona ukipata na ukilipa. Benki mpya inaanza na karatasi nyeupe. Katika hali hiyo mimi ningesubiri mkopo utoke kwanza.

Ukishaamua kuhama, fungua mpya kabla ya kugusa ya zamani. Acha kiasi kidogo kwenye ya zamani kwa ajili ya kile ulichokisahau. Hundi uliyoandika na bado haijapelekwa benki itahitaji fedha humo. Pakua taarifa zote za miaka ya nyuma uzihifadhi kwako, maana akaunti ikifungwa na programu ya simuni inafungwa nayo, na siku ukidaiwa ushahidi wa malipo ya zamani utaanza kuomba. Na katika wiki hizo, akikupigia mtu akisema anatoka benki na anahitaji namba ya siri ili akamilishe kukuhamisha, kata simu, kisha wewe mwenyewe piga ile namba iliyo nyuma ya kadi.

Mama mmoja kaniletea swali hapa mbele, naomba nilijibu kwa sauti wote wasikie. Anauliza: afanyeje aliyepiga hesabu akakuta tofauti ipo, lakini haitoshi kumtoa alipo?

Mama, chukua ile karatasi yenye jumla nyekundu, nenda nayo tawini kwako. Mabenki huwa na aina kadhaa za akaunti, na mteja wa siku nyingi anaweza kuwa bado kwenye ile aliyofunguliwa zamani, wakati wapya wanapewa yenye ada ndogo. Muulize ofisa: kwa matumizi yangu haya, mna aina nyingine iliyo nafuu? Akisema ipo, muulize kama namba ya akaunti itabaki ileile. Ikibaki, huna hata mtu mmoja wa kumwarifu.